Aliyesimama Nyuma ya Mkulo

Nyie mnaoanza kupandisha watoto msituni, niliwaona juzi mkipita hapa mbele ya baraza yangu na vizibao vyenu vya njano, filimbi shingoni, simu mkononi, mtu angedhani mnakwenda kuzima moto. Sikucheka. Haya, nilicheka kidogo. Mmoja wenu akaniambia, "Shikamoo bibi, siku moja tutakuja utupe uzoefu." Uzoefu ni neno la ofisini, wanangu. Mimi nina matope, nina ukungu, nina sauti za watoto ambazo mpaka leo nikisinzia mchana zinanijia moja moja, kila moja na jina lake. Kama mnazitaka hizo, vuteni mkeka mkae.

Tuanze na ukungu. Ukungu wa huku kwetu hauji, unageuka tu unakuta upo. Unamtazama mtoto mwenye sweta ya bluu, unapepesa macho, sweta imebaki lakini mtoto haonekani. Unapepesa tena, hata sweta haipo. Unabaki na harufu ya majani mabichi na matone yanayodondoka kutoka mtini kwenda mtini, na hujui kama uko peke yako au una darasa zima miguuni pako. Hapo kizibao cha njano hakisaidii kitu. Katika ukungu mwalimu ni masikio.

Mimi si mzaliwa wa huku. Baba yangu alitoka Tukuyu kufuata kazi ya chai, nikazaliwa Bulwa, kwenye nyumba za laini za vibarua wa chai, jirani mmoja Mmakonde, mwingine Muha, mwingine Msambaa. Jina nikapewa la kwao baba, Sekela. Ng'ambo ya chai palikuwa na msitu. Kila asubuhi niliuona ukifuka kama jiko lililomwagiwa maji, ndege wakipiga kelele humo ndani, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunishika mkono akasema twende tukaone. Mama alisema, "Huko kuna nyoka," mazungumzo yakaishia hapo. Usiku niliota natembea humo, kila ninachogusa kina jina, ila nikiamka majina yote yamenitoka. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi upande huu, katikati ya Lushoto na Shume, nikakuta msitu unaanzia nyuma ya vyoo vya walimu, nilisimama pale na sanduku langu kichwani nikafurahi mpaka Mwalimu Mkuu akadhani naumwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Mbaruku, mwalimu wa Sayansi, mfupi, mwenye sauti ya chini, koti lile lile jua na mvua. Yeye aliamini jani halifundishwi ubaoni. Kila Jumatano baada ya mapumziko alipandisha darasa moja msituni. Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia chini, akatikisa kichwa.

"Mwalimu Sekela, miguu wazi namna hiyo? Siafu hawajui kama una cheti."

Nilijibu kwamba nitakuwa mwangalifu. Tulipofika kwenye kijito niliruka kama mbuzi aliyeguswa na moto, nikavua kiatu, nikajichapa mapaja mbele ya darasa la nne zima. Watoto walinyamaza kwa adabu, halafu mmoja akapasuka, basi wote wakaanguka chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo nilivaa soksi ndefu za mpira za mtumba, za kijani, na hizo soksi zilijulikana mpaka sokoni.

Mambo ya Mwalimu Mbaruku yalikuwa madogo madogo, na ndiyo yaliyoturudisha nyumbani salama miaka yote. Mtoto asishike kitu chochote mkononi, maana mkono wenye kitu haumshiki mwenzake wala haugusi jani. Chakula kiliwe shuleni, msiwapelekee kima karamu. Anayetangulia mbele asiwe mtoto hodari, awe mwoga kuliko wote, kwa sababu mwoga ataliona shimo kabla yako. Hodari mweke nyuma akaringe huko. Kinyonga usimlazimishe mtoto kumshika. Watoto wa huku wanamwogopa kinyonga kuliko chui, wamelishwa hofu hiyo tangu kwenye maziwa. Wewe mweke kwenye mkono wako, endelea kuzungumza habari nyingine kabisa, ongea habari za mpira au za harusi ya fulani. Baada ya muda utasikia kidole kinamgusa taratibu, na hapo usigeuke kutazama.

Lakini nataka kuwaambia habari ya mkulo.

Juu kule, mahali njia inapogawanyika, kuna mti wa mkulo mkubwa, mnaujua. Watu wazima watatu hawaukumbatii ukaisha. Njia ya kulia inakwenda kwenye chemchemi, kwenye yale mawe yenye maua madogo ya zambarau. Ya kushoto inakwenda kwenye genge. Siku isiyo na ukungu ukisimama pale gengeni unaona bonde lote la chini, tambarare na mashamba ya mkonge, huko mbali kabisa. Siku ya ukungu huoni kwamba ardhi imekwisha.

Na genge lile lina tabia yake. Ukipaza sauti karibu na mkulo, mwamba wa upande wa pili unaichukua sauti na kuirudisha, nayo inarudi safi kuliko ulivyoitoa. Mtoto aliyepotea akisikia "Njoo huku!" anaisikia ikitokea gengeni. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya Mwalimu Mbaruku pale juu ilikuwa kutopiga kelele kabisa. Filimbi hizo zenu, naomba, pale zitieni mfukoni.

Sasa utahesabuje watoto bila kelele, kwenye ukungu? Zamani aliita majina kwa sauti ya kawaida. Siku moja mtoto akachepuka kwenda kuiba mapeasi ya watu, rafiki yake akamwitikia, jina lake mwenyewe kwa sauti nyembamba, la mwenzake kwa sauti nene. Mwalimu Mbaruku akateremka na darasa lililotimia kwa midomo na kupungua kwa miguu. Usiku ule, aliniambia, hakulala. Alfajiri ndipo akapata wazo. Mtoto wa huku atakudanganya jina, atakudanganya umri, lakini hatatoa shikamoo ya mtu mwingine. Shikamoo kila mtu anatoa yake.

Basi ikawa hivi. Mwalimu anatangulia, anasimama nyuma ya mkulo, pale njia zinapoachana, mgongo ameupa genge. Watoto wanakuja mmoja mmoja, wameachiana nafasi. Kila mmoja anafika mbele ya mti, anaweka kiganja kwenye gamba, anasema, "Shikamoo." Mwalimu nyuma ya mti anajibu kwa sauti ya chini, "Marahaba," anamjua kwa sauti, anamvuta upande wa kulia. Na ukijiona umepotea, usikimbie. Simama, salimia, subiri kuitikiwa. Ukiitikiwa, fuata. Usipoitikiwa, kaa chini.

Mwalimu Mbaruku alipostaafu, nyuma ya mkulo nikasimama mimi.

Wanangu, sijui niwaelezeje. Unakaa umeegemea mti wenye umri kuliko ukoo wako, maji yanadondoka kwenye kitambaa chako cha kichwa, dunia yote ni nyeupe. Mbali unasikia mbega mmoja akikoroma. Kisha upande wa pili wa mti, karibu kabisa, kitu kidogo kinasema, "Shikamoo." Hukioni. Unasema marahaba, na mkono mdogo wa baridi unaingia mkononi mwako kutoka weupeni. Halafu mwingine. Nilikuwa sijaolewa wakati ule, sina mtoto, na kila Jumatano nilizaa darasa zima.

Tatizo lilianza na watoto wa darasa la pili. Wadogo. Walikuwa hawajui kwamba mimi ndiye ninayeitikia. Wao waliona mwalimu katangulia, wakaambiwa msalimieni mkulo, wakasalimia, na mkulo ukaitikia. Kwao hilo halikuwa la ajabu. Mkubwa akisalimiwa si anaitikia?

Alikuwamo binti mmoja anaitwa Mwanaidi, mpole, ana mwanya, mwoga kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyekuwa anatutangulia. Jioni moja akawa anakula bada, ugali wa muhogo, nyumbani kwao, akasema, "Babu, leo mti umeniitikia marahaba."

Na babu yake ni nani? Mzee Shembilu, mwenyekiti wa kamati ya shule.

Mzee Shembilu hamkumjua. Alikuwa mrefu, kanzu nyeupe na koti, kofia imenyooka. Huyo ukimsalimia umekaa, atakuambia simama uanze upya. Ukimsalimia unatafuna, atangoja umeze. Nilimwona akimrudisha kijana wa watu kutoka chini ya mlima kwa sababu alisema shikamoo huku akiendelea kutembea. Na alikuwa mkulima wa mboga hodari. Ile ndiyo miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, malori kutoka Dar yameanza kupanda mpaka kwetu kufuata kabichi na karoti, kila mtu amepanua shamba, mtumba umejaa sokoni, redio kila nyumba. Mikono ya watoto ilianza kuhitajika shambani kuliko zamani. Wazazi wengi walishakuwa wananung'unika, hizi Jumatano za kutazama majani ni za nini, majani si tunayo nyumbani. Walikuwa wanatafuta sababu. Mwanaidi akawapa kwenye sahani.

Niliitwa kwenye kamati. Nikaeleza yote, ukungu, genge, sauti, kwamba ni mimi ninayeitikia, hakuna mti unaosema. Mama mmoja wa Kilutheri akasema sawa lakini haipendezi. Baba mmoja akasema ni shirki. Mzee Shembilu alisubiri wote wamalize.

"Mwalimu," akasema, "habari ya shirki tuiweke kando, umeshaeleza, nimekuelewa. Langu ni moja. Shikamoo ni heshima ya mkubwa. Haigawiwi ovyo kama karanga. Leo mtoto anampa mti, kesho atampa nguzo ya simu, keshokutwa mimi nitapita kama nguzo. Salamu hiyo ikome. Na hizo safari, nitapanda mwenyewe Jumatano nione. Nikiona hazina maana, zikome nazo."

Nilitoka pale nikarudi nyumbani. Nilijua kabisa kwamba zikikoma mwaka ule hazitarudi, kabichi haitarudisha ilichochukua. Na mimi ningebaki nafundisha mti kwa kuuchora kwa chaki, watoto wangeutazama msitu ng'ambo ya dirisha kama nilivyoutazama mimi Bulwa. Nililia, siwafichi. Nililia jikoni, chai ikamwagika motoni.

Jumatano ikafika, kweupe, jua zuri. Nikasema Mungu wangu asante. Mzee Shembilu akaja na mwavuli na fimbo, viatu vimeng'aa. Watoto wa darasa la pili wakampa shikamoo zake, akazipokea moja moja bila haraka. Tukapanda. Aliniambia nitangulie kama kawaida, ila leo nitaita majina, yeye atakuja mwisho kabisa kuona kila kitu.

Tulipofika nusu ya njia nilisikia baridi shingoni. Nikageuka. Upo.

Niliwahi kufika kwenye mkulo, nikasimama mahali pangu. Nikaanza kuita majina kwa sauti ya kawaida, kama nilivyoamriwa. Watoto wakawa wanafika wawili wawili, wamechanganyikiwa, wengine wanaitikia wakiwa bado mbali, wengine wananong'ona shikamoo kwa mazoea kisha wanajiziba mdomo. Nikawapapasa vichwa kwa mikono. Mwanaidi alikuwa nami tangu mwanzo, kanishika gauni. Walipotimia wote nikangoja Mzee. Nikangoja. Hakuna fimbo wala hatua.

Baadaye tulijua kwamba alikuwa amechepuka kidogo kwa haja ndogo. Ameinua macho, njia hakuna.

Hapo nilifanya jambo ambalo sheria inakataza. Niliogopa, nikapaza sauti, "Mzee Shembiluuu!"

Na mwamba ukaita, "Mzee Shembiluuu," safi kabisa, kutoka gengeni.

"Naam! Nakuja!" akajibu, na nikaisikia fimbo yake ikigonga mawe, tk, tk, juu yetu kidogo, upande wa kushoto. Anaufuata mwamba.

Nikafunga mdomo. Nikawaashiria watoto kwa kuwagusa midomo, na wao wakatulia. Kumfuata sikuweza, ningeacha darasa la pili kwenye njia panda. Kumwita ilikuwa kumsukuma. Nilisimama nimeegemea mkulo, nikiomba azeeke ghafla, achoke, akae chini. Mkononi nilikuwa nimemshika mjukuu wake.

Fimbo ikasimama.

Tone likadondoka, na jingine. Nafikiri pale ndipo alipoelewa kwamba sauti ya kwanza iliyomwita na ile ya pili hazikutoka mahali pamoja. Mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Na nyumbani Mwanaidi alikuwa amemwimbia sheria zetu mpaka kachoka nazo: Babu, ukipotea simama, salimia, subiri kuitikiwa.

Ndipo kutoka kwenye weupe, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ndogo ya mtu aliyerudi utotoni, akasema:

"Shikamoo."

Wanangu. Nyie mnajua. Mzee wa rika la baba yangu ananipa shikamoo mimi, msichana wa laini, mgeni wa watu, mbele ya watoto. Kumwitikia marahaba mzee ni kumkalia kichwani. Ulimi uligoma. Ninasema uligoma kwa sababu niliusukuma na haukwenda. Nilifungua mdomo nikatoa hewa tupu. Nikatafuta neno jingine, karibu, njoo, nipo huku, na kila neno nililolipata lilikuwa la kupaza sauti, na mwamba ulikuwa unasubiri.

Gauni langu likavutwa.

"Mwalimu," Mwanaidi akanong'ona, "babu amesalimia."

Kwa namna alivyosema, ungedhani ninayekosa adabu ni mimi. Na kweli ndiyo ilivyokuwa. Mtu amesalimia, hajaitikiwa.

"Marahaba," nikasema.

Fimbo, tk, taratibu, ikageuka.

"Shikamoo," karibu zaidi.

"Marahaba."

Tulikwenda hivyo, yeye na mimi, tumepokezana sijui mara ngapi, kama watu wanaovutana kamba kisimani. Watoto hawakucheka, hata mmoja. Mwisho nikasikia kiganja kikubwa kinaligusa gamba la mkulo upande wa pili, kinalipapasa, kinakaa hapo. Pumzi yake ilikuwa nzito. Nikapitisha mkono kuuzunguka mti, akaushika. Ulikuwa wa baridi kama wa mtoto wa darasa la pili.

"Watoto wote wapo?" akauliza.

"Wote wapo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Twendeni kwenye hiyo chemchemi, ndiko tulikokuwa tunakwenda."

Tulikwenda. Ukungu ukafunguka kidogo pale kwenye maji, jua likaingia kwa upenyo mmoja juu ya yale maua ya zambarau, yamejaa matone. Mwanaidi akamwonyesha babu yake jani lenye manyoya, akamshika kidole akamgusisha. Mzee akachuchumaa na koti lake lililoloa, akaangalia kwa muda mrefu, viatu vimezama kwenye tope. Akasema, "Nimezaliwa hapa, sijawahi kulishika." Nami nilikuwa nimeketi kwenye jiwe, na raha niliyoisikia sijawahi kuipata tena namna ile.

Kamati ilipokaa, walisubiri aseme. Akasema safari ziendelee, na malori ya kabichi yaje yasije, Jumatano mtoto asishikwe shambani. Yule baba wa shirki akauliza, na shikamoo ya mti je? Mzee Shembilu akarekebisha kofia.

"Mti ni mti. Shikamoo ni ya aliyesimama nyuma yake. Ila watoto waitoe vizuri, si kwa kuguguna maneno."

Hayakusemwa mengine. Mimi sikumwambia mtu nani alisalimia nani, na watoto wa darasa lile, mniamini, hawakusema hata nyumbani. Kuna mambo mtoto anajua mwenyewe kwamba yabaki msituni.

Miaka ikapita, mbinu zikabadilika, ikaja kamba ya kushikana, ikaja kengele ya mbuzi tuliyomfungia mtoto wa mbele, ikaleta mbuzi halisi wawili, tukaiacha. Mzee Shembilu akazeeka, akawa hatoki barazani. Nikawa napita kumjulia hali, nampa shikamoo yake nimesimama vizuri, naye anaipokea. Siku moja, mvua za vuli zinanyesha, amejifunika blanketi, nikamsalimia, akakaa kimya muda mrefu mno. Nikadhani amelala.

"Mwalimu," akasema, "siku ile ulichelewa kuitikia."

Nikashikwa na haya. "Mzee, ningewezaje?"

"Najua. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mguu mmoja hausikii kitu chini. Nikawa nasema moyoni, yule binti ana adabu, atanyamaza, adabu yake itaniua." Akacheka mpaka akakohoa. "Mtu akipotea usimpimie umri, mwanangu. Mwitikie kwanza. Marahaba."

Ile marahaba ya mwisho ilikuwa ya salamu yangu ya tangu nilipoingia.

Nimefika kwenye la mwisho, na mkeka wenu umeshaloa. Mwezi uliopita mwalimu wa darasa la pili wa sasa alinialika nipande nao. Mwalimu huyo mnafanya naye kazi, ni Mwanaidi, mwanya anao bado. Nikasema nimezeeka, macho yana utando, sioni vizuri hata jua likiwaka. Akasema, "Utakuja mwisho, taratibu, hakuna haraka." Nikavaa soksi zangu za kijani.

Nilikwenda mwisho, taratibu. Nilisimama kusikiliza hondohondo akipita juu na yale mabawa yake ya kelele, nikajisahau pale, nikiwa Bulwa, nikiwa msichana, nikiwa na majina yote mdomoni. Nilipozinduka palikuwa peupe pande zote. Sikujua kama ni ukungu au ni macho yangu. Sikusikia mtoto, sikusikia kijito. Nikanyoosha mkono, hakuna kitu. Nikaogopa, wanangu, mimi niliyewaambia watoto wa vizazi vyote wasiogope. Magoti yalitaka kukimbia.

Nikasimama. Maisha yangu yote pale juu nilikuwa mtu wa kuitikia. Sikuwahi hata siku moja kusalimia.

"Shikamoo," nikasema.

Tone, na jingine. Nilimsikia, si mbali, upande wa kulia, akivuta pumzi na kuishikilia. Nilijua kabisa kilichomshika ulimi, nami nikamngojea, na mahali fulani hapo nilisikia watoto nao wakimngojea. Kisha kitoto kimoja kikanong'ona, "Mwalimu, bibi amesalimia."

"Marahaba," akasema Mwanaidi.

Nikaifuata. Nikafika kwenye gamba, nikaweka kiganja, na mkono wake ukauzunguka mti ukaushika wangu. Alikuwa analia.

"Nisamehe, mwalimu wangu," akasema.

"Umechelewa kuitikia," nikamwambia. "Watoto wote wapo?"